Sura ya Saba: Mwezi Kwanza, Tiketi Baadaye

Watu wengi wanaotaka kwenda kuona matumbawe ya Mtwara huanza na ruhusa ya kazini. Wakipewa wiki moja, hukata tiketi, huulizia chumba, na siku ya kuingia majini huiacha ijipange yenyewe. Mpango wa namna hiyo unatosha kwa safari ya Mikumi, lakini kwa bahari ya kusini hautoshi. Msafiri anaweza kufika Msimbati akakuta maji yamechafuka na yanakwenda kwa kasi, akashinda mchangani siku nne, kisha akarudi Dar es Salaam akiwaambia watu kwamba hakuna cha kuona. Mwenzake akifika wiki inayofuata, pale pale, anawaona chewa, mkunga na kasa kabla ya saa sita mchana. Hiyo si bahati yake. Mwezi umesogea.

Sura hii inafuata utaratibu ambao wavuvi wa Msimbati, Msangamkuu na Mikindani wanautumia kila siku bila kuuandika popote. Kwanza wanatazama mwezi, kisha upepo, kisha wanazungumza na wenyeji wa mahali wanapokwenda. Mambo mengine yote, tiketi ikiwemo, huja baada ya hapo.

Kwa nini Ruvula

Kuzamia kwa kawaida ni starehe ya gharama, kwa sababu kunahitaji boti, mafuta, nahodha na siku nzima. Ni sehemu chache duniani ambako mtu huvaa maski akiwa mchangani, akatembea hadi maji yamfike kifuani, na baada ya dakika chache akawa juu ya mwamba wenye uhai. Sehemu inayosifiwa zaidi kwa jambo hili ni Bonaire, kisiwa cha Karibiani kilicho chini ya Uholanzi. Bahari inayokizunguka ni hifadhi tangu 1979, na kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku. Kando ya barabara ya pwani kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano, kila moja na jina la mahali pa kuingilia. Mgeni hukodi pikapu, hupakia mitungi, husimama kwenye jiwe alilolichagua na kuingia majini.

Pwani yetu kwa sehemu kubwa haikuumbwa hivyo. Mashariki ya Unguja, kwa mfano, mwamba uko mbali na ufuo, na katikati kuna eneo pana la maji mafupi ambalo bahari ikipwa unalivuka kwa miguu. Ruvula ni tofauti. Ipo kwenye ncha ya rasi ya Msimbati, na mchanga wake unatazama mlango wa bahari ambao maji ya Ghuba ya Mnazi huutumia kuingia na kutoka. Karibu kabisa na ufuo sakafu ya bahari inateremka kwa kasi kuelekea kilindini. Muogeleaji wa kawaida mwenye maski, mrija na mapezi ya miguuni anafika kwenye mteremko huo bila boti.

Utajiri uliopo hapo una sababu yake. Mkondo mkubwa wa bahari unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, ukisukumwa na pepo za kusini, huigonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika: sehemu moja hupanda kaskazini kuelekea Mafia na Unguja, nyingine hushuka kwenye mlango wa Msumbiji. Mayai na mabuu ya matumbawe na samaki kutoka mbali hufika kwanza hapa, na kutoka hapa husambazwa kwingine. Ndiyo maana wanasayansi wameorodhesha zaidi ya aina 250 za matumbawe katika eneo hili dogo. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650. Karibu theluthi mbili ni bahari, visiwa na mikoko, na sehemu iliyobaki ni nchi kavu yenye vijiji, mashamba na mikorosho. Hii ndiyo hifadhi ya bahari ya pili nchini, baada ya ile ya Mafia iliyoanzishwa 1995.

Hesabu ya mwezi

Mtu aliyejifunza kupanga safari za kuzamia kwa kusoma vitabu vya Karibiani atakosa sura nzima ambayo vitabu hivyo havikuhitaji kuiandika. Bonaire maji hupanda na kushuka chini ya mita moja, kwa hiyo mgeni huingia saa yoyote anayoitaka. Mtwara, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita tatu. Fikiria ukubwa wa Ghuba ya Mnazi, pamoja na vijito vyote vya mikoko vinavyoilisha: maji yote hayo huingia kwa muda wa kama saa sita, na ndani ya saa sita nyingine sharti yatoke. Yanapita kwenye milango michache, na Ruvula iko ukingoni mwa mmojawapo. Siku ya bamvua, katikati ya maji kutoka, hakuna muogeleaji anayeweza kushindana na mkondo huo.

Wiki ya maji mafu ni mambo mengine. Maji hupanda kidogo, hushuka kidogo, na mkondo hupungua nguvu hadi mtu akaweza kuelea juu ya mwamba akitazama bila kuhangaika. Kwa mgeni anayeingia kwa miguu, siku hizo ndizo za kuzitafuta.

Habari njema ni kwamba huhitaji kifaa chochote kuzijua. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenye nyumba nyingi za pwani inatosha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu. Maji mafu huangukia baina ya tarehe 7 na 10, na tena baina ya 21 na 24. Zungushia siku hizo kalamu, kisha tafuta tarehe zake kwenye kalenda ya kazini. Hapo utakuwa umepanga nusu ya safari.

Kuna zawadi nyingine ndani ya hesabu hii. Katika pwani yetu bamvua hukupa maji makavu karibu saa nne asubuhi na maji makuu karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na hupwa alasiri. Maana yake, katika siku zenye mkondo dhaifu, maji hujaa wakati jua limepanda vya kutosha kuangaza mwamba na upepo wa mchana bado haujashika. Saa ya dhahabu ni ile ya mwisho ya maji kujaa, hadi yanaposimama kabla ya kugeuka. Wakati huo maji yaliyo mbele yako yametoka bahari kuu, safi na ya buluu. Yakianza kutoka, yanakuja na tope na majani kutoka kwenye mikoko, na kadiri dakika zinavyopita ndivyo unavyoona kidogo. Basi ingia yakiwa yanamalizia kujaa, na yakigeuka uwe umeshakaribia mchanga.

Hesabu ya kalenda ikaguliwe. Jedwali la maji la Bandari ya Mtwara lina saa na vimo kwa kila siku. Na ukifika kijijini, muulize mtu mzima anayerekebisha nyavu zake ufukoni: "Shikamoo mzee. Maji yanasimama saa ngapi leo?" Jibu lake litakuwa la mahali hapo hasa, na huenda akakueleza pia jambo ambalo hukuliuliza, kama upande wa kuingilia au pale ambapo mkondo huwahi kugeuka.

Siku za bamvua nazo zina raha zake. Maji yakipwa sana, ghuba hufunguka, na wanawake wa vijijini huteremka na vijiti vyao kutafuta pweza, kome na chaza kati ya mawe. Omba kuongozana nao. Utaona nyasi bahari ambazo kasa hula, majongoo bahari, na vidimbwi vyenye samaki wadogo watakaohamia kwenye mwamba wakikua. Mwenye siku kumi apange zianzie bamvua na kuishia maji mafu. Hivyo atajifunza mahali kwa miguu kabla ya kupajua kwa maski.

Hesabu ya upepo

Mwezi hukuchagulia wiki. Upepo hukuchagulia miezi.

Kusi huanza kuvuma kati ya Aprili na Mei, hushika nguvu Juni hadi Agosti, kisha hulegea Septemba. Wakati wa nguvu zake bahari ya nje huwa na mawimbi makubwa na maji hupoa hadi kama nyuzijoto 25. Kaskazi huchukua zamu kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Baina ya pepo hizi mbili kuna kipindi cha utulivu, na kwa Mtwara kile cha kati ya mwisho wa Septemba na Novemba ndicho bora kuliko vyote.

Sababu ya pili ya kukichagua ni mto. Tofauti na Tanga au Dar es Salaam, Mtwara ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili. Mto Ruvuma, unaosafiri mamia ya kilomita ukiwa mpaka wetu na Msumbiji, hufurika katika miezi hiyo na kumimina udongo baharini. Oktoba mto uko chini baada ya miezi ya ukavu, na bahari imetakata. Kuna nyongeza pia: nyangumi wenye nundu, ambao hupanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, huonekana kati ya Julai na Novemba, wakati mwingine ukiwa umesimama ufukoni.

Machi hadi mwanzoni mwa Mei ni bora kukaa nyumbani. Vimbunga ni vichache kwenye latitudo yetu, lakini vipo. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya mpaka, na siku hiyo wakazi wa Mtwara walihimizwa kuhamia sehemu za miinuko. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini upande wa Kilwa. Kabla ya kuondoka, na kila asubuhi ukiwa huko, sikiliza utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Njia na ruhusa

Sasa unaweza kukata tiketi. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 560, inavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na basi huchukua siku nzima. Ndege ni mwendo wa kama saa moja. Ukizamia kwa mtungi, usipande ndege kabla ya kupita saa 18, na wataalamu wengi hushauri siku nzima. Hewa ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini chini ya maji huhitaji muda kutoka, na huko angani shinikizo dogo linaweza kuigeuza mapovu ndani ya damu na viungo. Basi siku ya mwisho iwe ya Mikindani, mji wa kale wa biashara ambako David Livingstone alifikia mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Tembea kwenye nyumba za mawe, panda hadi boma la Wajerumani, ule samaki. Siku hiyo itakuwa imetumika vizuri.

Kutoka Mtwara mjini kwenda Msimbati ni safari fupi, lakini kipande cha mwisho kuelekea Ruvula ni cha mchanga, na gari dogo litanasa. Kabla ya kwenda, pita kwenye ofisi ya hifadhi, lipa kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali, chukua risiti, na uulize maeneo gani yamefungwa na gani yako wazi. Kwa kuwa mpaka uko karibu, na Cabo Delgado imekuwa na vita tangu 2017, uliza pia hali ya usalama, na upande wa mtoni usiende bila kuambiwa na wahusika kwamba ni salama.

Chukua maski yako mwenyewe, uliyoijaribu usoni na ikakaa bila kuvuja. Ukitaka mitungi, hakikisha wiki kadhaa kabla kwamba kuna kituo chenye mashine nzima ya kujaza hewa na kiongozi mwenye cheti. Hewa ya mashine isiyo ya kuzamia inaweza kuwa na moshi wa mafuta na ikaua. Usipopata mtungi, safari haijaharibika. Matumbawe hutegemea mwanga wa jua, kwa hiyo uhai mwingi uko kwenye mita kumi za juu, na hizo ni za mwenye mrija.

Ndani ya maji

Usiingie peke yako. Tafuta kijana wa kijiji aliyezaliwa juu ya maji yale, mlipe vizuri, na umsikilize hata akikuambia leo hapana. Ingia dhidi ya mkondo, ili ukichoka maji yakurudishe ulikotoka. Funga kamba kwenye boya la rangi kali na uliburute, kwa sababu mashua na boti za mashine hupita mlangoni.

Miguu yako isiguse tumbawe hata mara moja. Tumbawe la mviringo, lile gumu kama jiwe, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja limekuwa hai karibu karne nzima. Pezi moja likipiga ovyo linaweza kuharibu kilichoanza kabla ya babu yako kuzaliwa. Ukihitaji kusimama, rudi kwenye mchanga, na hapo pia buruta miguu taratibu, maana samaki aitwaye taa hujifukia. Kuna samaki anayefanana na jiwe mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akikuchoma, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoyamudu bila kuungua, kwa muda mrefu, huku ukipelekwa hospitali.

Na usiogelee kwenye maingilio ya Ruvuma. Mto una mamba na viboko. Mikoko yake itazame kutoka kwenye mtumbwi, ukiwa na mwenyeji.

Wenye bahari

Ruvula iliwahi kumpendeza mgeni kupita kiasi. Mwingereza mmoja, Latham Leslie-Moore, alijenga nyumba hapo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akatangaza kwamba Msimbati ni usultani huru na yeye ndiye sultani wake. Serikali iliyokuja baada ya uhuru ilimfukuza nchini. Alichokisahau kinapaswa kukumbukwa na kila anayeteremka na maski: mahali hapa pana watu, na watu hao wamelipa gharama kubwa ili mwamba uwepo.

Katika miaka ya 1990 milio ya baruti ilisikika kwenye pwani ya Mtwara na Lindi. Sheria ilikuwa imekataza uvuvi wa baruti tangu 1970, lakini baruti ilikuwa rahisi kupatikana, na mlipuko mmoja ulitoa samaki wengi huku ukibomoa makazi yao. Wavuvi wa vijiji vya kusini waliungana kuupinga, wakasaidiwa na mradi wa maendeleo uliofadhiliwa na Finland, na kelele zao zilikuwa miongoni mwa sababu za serikali kuchukua hatua. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, na mengi yakafa. Hapa sehemu kubwa ilipona, kwa kuwa mbegu ziliendelea kuletwa na mkondo ule ule.

Kisha ikaja hifadhi na masharti yake: nyavu za macho madogo na kokoro marufuku. Kwa familia iliyokuwa ikila kutokana na nyavu hizo, tangazo hilo lilimaanisha njaa ya leo kwa ahadi ya kesho. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa 1982, ilianza kuchimbwa ndani ya eneo hilo hilo, na tangu 2015 bomba kutoka kiwanda cha Madimba huipeleka Dar es Salaam. Mwanaanthropolojia Vinay Kamat wa Chuo Kikuu cha British Columbia ametumia miaka mingi kusikiliza vijiji hivi, na maandishi yake yanaonyesha watu wanaojiona wamebanwa na hifadhi upande mmoja na gesi upande mwingine, faida ya vyote viwili ikipita juu ya vichwa vyao.

Hapo ndipo mpango wako wa safari unapokuwa na uzito. Mgeni anayefika bila hesabu hukaa hotelini mjini, hukodi gari huko huko, huchungulia maji mara moja na kuondoka, na fedha yake haifiki Msimbati. Anayepanga kwa mwezi na upepo hulazimika kuwategemea wanaovijua: humlipa kijana wa kumuongoza, mama wa kumpikia wali wa nazi na pweza, mzee mwenye mtumbwi, na kijiji chenye pa kulala. Anakuwa amenunua ujuzi wao, na ujuzi huo unalipa tu kama mwamba uko hai. Mvuvi anayeona kwamba chewa mzima mwambani analipa zaidi ya mara moja hahitaji askari wa kumwambia amlinde.

Basi chukua kalenda ya Kiislamu. Tafuta maji mafu yanayoangukia Oktoba. Piga simu ofisi ya hifadhi, uulize hali ya bahari na ya mpaka, kisha omba wakuunganishe na uongozi wa kijiji. Wakikujibu karibu, omba ruhusa kazini.